Pembeni mwa Zohali

Sisimizi walipanda bomba la darubini kwa mistari miwili, kila mmoja amekumbatia kipande chake cha madini mazito ya risasi. Hawakuwa wadudu. Walikuwa roboti wadogo wa chuma, wa ukubwa wa kobe, wenye miguu ya sumaku, na watu wa Mbeya ndio waliowabandika jina hilo siku walipoonyeshwa kwenye kuta za picha. Jina lao rasmi lilikuwa wabebauzani. Walitembea juu ya bomba refu kuliko nyumba ya ghorofa, wakasimama, wakasogea hatua moja, wakasimama tena, wakitafuta mahali ambapo upande wa mbele ungelingana na wa nyuma, na wa kushoto na wa kulia.

Mhandisi Subilaga Mwakatobe alikuwa chini yao, kofia ngumu imemrudi kisogoni. Kuba lilikuwa limefungwa ili jua la asubuhi lisiguse kioo kikuu, na ndani mlikuwa na harufu ya mafuta mapya na rangi.

"Msawazishi," aliita, "waambie wa mbele warudi kidogo."

"Wanarudi," ilijibu sauti ya mashine kutoka ukutani. Msawazishi ndiye aliyewaongoza sisimizi wote. Alihisi uzito wa bomba kupitia mihimili yake jinsi mtu anavyohisi ndoo mkononi.

"Sasa achia pini."

Pini kubwa za kufungia zilichomoka kwa mlio mzito. Hapo ndipo mafundi wengi hushika roho mkononi. Darubini ikiwa haijasawazishwa, upande mzito huporomoka na kupondaponda kila kilicho chini. Ikiwa imekosewa kidogo tu, huteleza: unailenga nyota, na kabla hujakaza jicho, nyota imeshahama. Bomba hili halikuporomoka wala kuteleza. Subilaga aliligusa kwa kidole kimoja. Likainuka polepole juu ya utando mwembamba wa mafuta uliolibeba. Alipoondoa kidole, likatulia palepale.

Sekela, fundi wa vioo, alipiga makofi. Yeye ndiye aliyekisugua kioo kikuu mpaka kikawa laini kuliko maji yaliyotulia. "Mtoto wa chekechea ataisukuma hii, dada."

"Ndivyo nilivyotaka," Subilaga alisema.

Kituo cha Anga cha Umma kilijengwa juu ya mlima Loleza kwa sababu watu walikidai. Miaka ile picha zilikuwa zimeacha kuwa ushahidi. Darubini zote kubwa za dunia, za ardhini na zile zilizoelea angani, zilikusanya chembe chache za mwanga na kuzikabidhi kwa Mkamilishaji, akili-unde iliyozijaza nafasi zilizobaki. Picha zake zilikuwa nzuri mno, lakini hakuna aliyejua tena wapi mwanga ulikoma na wapi Mkamilishaji alianza. Wakazi wa Mbeya wakasema wanataka kioo na jicho, basi. Mtu apande ngazi, aweke jicho kwenye kitundu cha kutazamia, aone kilichopo.

Na walikuwa na kitu cha kutazama. Chombo Usangu kilikuwa njiani kuelekea Zohali, kikiwa kimebeba watu waliokwenda kuanzisha makazi kwenye mwezi wake mkubwa, Titani. Wengi wao walikuwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini, wauguzi, mafundi wa umeme, wakulima wa mabanda ya kioo. Lugano, mtoto pekee wa Subilaga, alikuwa mchomeleaji wao.

Chombo kinachokimbia kwa kasi kama ile hakiwezi kusimama hivihivi. Sharti kigeuke, kielekeze mkia wake kule kinakokwenda, kisha kiwashe injini-jua iliyo mkiani na kuiacha iwake kwa wiki kadhaa. Mwali wake ni mkali kiasi kwamba darubini kubwa iliyoko duniani inaweza kuuona, nukta ya buluu pembeni mwa Zohali. Injini isipowaka, chombo hupita na kuendelea na safari, na hakuna wa kukirudisha.

Miezi michache kabla ya siku ya kuwasha, Usangu kilituma ujumbe mfupi kwamba kimepigwa na vumbi la angani. Baada ya hapo kimya.

Kimya hicho kiliingia katika kila nyumba yenye mtoto kule juu. Katika nyumba ya Subilaga kiliwatenganisha watu wawili. Mume wake, Ambakisye, hakuwa ametaka Lugano aende. Subilaga ndiye aliyempeleka binti yake karakana tangu mdogo, akamfundisha kushika mwenge wa kuchomelea, akamsindikiza kwenye usaili akiwa amevaa nguo yake nzuri kuliko zote. Siku chombo kiliponyamaza, Ambakisye hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama Lugano, wewe ndiye uliyemfungulia mlango." Asubuhi alifunga begi lake akaenda Tukuyu kwa kaka yake.

Kisha Shirika la Safari za Zohali likatoa picha. Kwenye kuta zote za mji ilionekana sayari na pete zake, na pembeni yake nukta ya buluu. Mwali umewaka! Watu walimiminika barabarani kutoka Uyole hadi Mwanjelwa. Kengele za makanisa zililia bila mpangilio, madereva wa magari-hewa walishuka wakacheza na abiria wao. Subilaga alikuwa jikoni akikata mboga. Alipiga magoti sakafuni, kisu kikiwa bado mkononi, akalia kwa sauti kama mtoto.

Jioni ile Ambakisye alipiga simu.

"Umeiona picha?" Subilaga alimuuliza.

"Nimeiona."

"Sasa mbona uko hivyo, Baba Lugano?"

"Nangoja uniambie wewe. Ukiniambia umeuona huo mwali kwa jicho lako, nitaamini, nami nitarudi nyumbani."

Hiyo ndiyo sababu Subilaga aliharakisha kazi. Jioni ya siku ile sisimizi walipomaliza, yeye na Sekela walifungua kuba. Mji ulikuwa bado unawasha taa zake bondeni, na Zohali ilikuwa imekwisha kuchomoza juu ya milima ya mashariki. Subilaga alipanda ngazi, akashika vipini, akalisukuma bomba mwenyewe. Alitaka mkono wake ndio uwe wa kwanza kumfikia mwanawe.

Zohali iliingia ndani ya kitundu, ya manjano, imevaa pete zake, kali na safi hata akasahau kupumua. Kando kidogo ilikuwapo Titani, nukta ya rangi ya chungwa. Alitazama mahali pa mwali.

Palikuwa peusi.

Alifumba jicho, akalifungua. Alijaribu la kushoto. Akabadilisha lenzi ya kitundu, akaweka yenye nguvu zaidi, akangoja Msawazishi asogeze sisimizi wawili kufidia uzito wake. Palikuwa peusi.

"Vipi?" Sekela aliuliza kutoka chini.

"Linateleza," Subilaga alisema akishuka. "Bomba linateleza. Tutasawazisha upya."

Sekela alipanda akatazama kwa muda mrefu. Aliposhuka alichukua kitambaa, akaanza kufuta mikono.

Siku iliyofuata Subilaga aliwatoa sisimizi wote, akaanza upya. Alipima mhimili wa kupandia, akapima wa kuzungukia. Alimwaga mafuta, akaweka mengine. Jioni alitazama tena. Siku nyingine akavua mfuniko wa nyuma wa kioo, akapunguza risasi, akaongeza, akaamuru kila boliti ikazwe mbele ya macho yake. Kituo kilipaswa kufunguliwa kwa umma. Alituma taarifa kwamba kuna tatizo dogo la uzani, wananchi wavumilie. Ambakisye alipopiga simu, alimwambia, "Bado nasawazisha." Alipopiga tena, jibu lilikuwa lilelile.

"Bomba limetulia, Mhandisi," Msawazishi alimwambia jioni moja. "Sioni cha kurekebisha."

"Pima tena."

"Nimepima tena. Limetulia."

"Nimesema pima!"

Sekela aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia mikono. "Dada, Zohali inakaa katikati ya jicho kama imegandishwa. Hakuna kinachoteleza."

"Basi kioo chako ndicho kibovu."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiri. Sekela alikuwa amekesha na kioo kile kama mtu anayekesha na mgonjwa. Alikisugua mpaka vidole vikachubuka. Alimtazama Subilaga bila hasira.

"Kama kusema hivyo kunakusaidia, sema," alijibu. "Nitavumilia. Lakini nikuulize kitu. Umeiangalia vizuri ile picha ya Shirika? Umeangalia mwali upo wapi?"

Subilaga aligeukia bomba. Alikuwa ameangalia. Aliangalia siku ileile ya kwanza, baada ya kunyanyuka kutoka sakafu ya jikoni, na kile alichokiona alikizika haraka ndani ya moyo. Mwali ulikuwa mahali ulipopangwa kuwa, palepale hasa, bila kupungua wala kuzidi. Lakini chombo kilipigwa na vumbi. Chombo kilichopigwa hupepesuka, na hata kikipepesuka kidogo tu, baada ya miezi ya safari kinakuwa mbali na njia yake. Mwali wa kweli usingeweza kuwa pale.

"Mkamilishaji alifundishwa ratiba ya safari," Sekela aliendelea kwa upole. "Macho ya darubini zao yalipokosa mwanga, alijaza kilichotarajiwa. Sidhani kama kuna mtu aliyekusudia kudanganya. Walikuwa wanangoja mwali, na mashine ikawapa mwali."

Subilaga alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Alivua kofia ngumu, akaishika kwa mikono miwili mapajani. Sisimizi walikuwa bado juu, wamesimama na mizigo yao, wakingoja amri.

"Mume wangu aliniambia atarudi," alisema. "Nikimwambia nimeuona."

"Najua."

"Nilikuwa karibu kumwambia, Sekela. Jana nilishika simu. Nilikuwa naenda kumwambia nimeuona."

Sekela alikaa kando yake, wakabanana kwenye ngazi ile nyembamba iliyotengenezwa kwa mtu mmoja. Walikaa hivyo mpaka taa za kuba zikajipunguza zenyewe kwa kukosa mtu anayetembea. Ndipo Subilaga akafuta uso kwa mkono wa ovaroli.

"Msawazishi," alisema, "funga uzani ulivyo. Tumemaliza."

Usiku huohuo alimpigia Ambakisye. "Njoo Loleza kesho," alisema.

"Sema tu."

"Njoo, Baba Lugano. Siwezi kusema kwenye simu."

Alisikia pumzi ya mumewe ikikatika, kisha ikaendelea. Alikuwa ameelewa. Hakukata simu, wala mkewe hakukata. Walikaa wakisikilizana wakipumua, kila mmoja mbali na mwenzake, mpaka Ambakisye aliposema kwa sauti ndogo, "Haya. Nakuja."

Siku iliyofuata, kabla ya machweo, familia za wasafiri, zilizokuwa zimetangaziwa kwamba kituo kiko tayari, zilipanda mlima. Walikuja kama watu wanaokwenda harusini. Wanawake walivaa vitenge vipya, wanaume walishona maua ya buluu kwenye makoti. Wengine walibeba picha za watoto wao, kana kwamba wangeweza kuwaonyesha kupitia kioo. Subilaga alisimama mlangoni mwa kuba. Alikuwa ameandaa hotuba kichwani, lakini alipoziona nyuso zile, hotuba ilimtoroka.

"Mimi ni mama yake Lugano," alianza, na watu wakanyamaza, kwa sababu kila mtu alijua alikuwa mama yake Lugano na hakuna aliyeelewa kwa nini anajitambulisha hivyo. "Nimetazama mara nyingi. Nimefanya kila ninalolijua kwenye darubini hii. Haina kosa. Sikuuona mwali. Sitaki mniamini mimi, wala kuamini ukuta wa picha. Pandeni mtazame wenyewe. Samahanini sana. Samahanini."

Hakuna aliyepiga kelele mwanzoni. Mwanamke mmoja alicheka kidogo, kwa woga, akatazama huku na huku kuona kama wengine wanacheka. Kisha Mwalimu Mwashambwa akajitokeza mbele. Alikuwa amefundisha fizikia katika mji ule muda wa umri wake wote, na binti yake, Neema, alikuwa rubani wa Usangu.

"Nionyeshe pa kutazama, Mhandisi," alisema.

Subilaga alimsaidia kupanda. Mzee aliweka jicho. Watu wote kubani walikuwa wanamtazama mgongo.

"Hii ni Zohali."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hii ni Titani. Mwali ungekuwa upande gani?"

"Kulia. Au juu kidogo, kama walipepesuka. Nimezunguka pote. Zunguka na wewe. Sukuma, haiumi."

Mwalimu alisukuma taratibu, kushoto, kulia, juu, chini. Alikuwa na subira ya mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote. Hatimaye aliondoa jicho, akabaki ameshika kipini.

"Neema ndiye aliyepaswa kuuwasha," alisema. Hakuwa akimwambia mtu yeyote hasa. "Basi hakuweza. Angeweza, angeuwasha."

Aliposhuka, wanaume wawili walimshika mikono. Hapo ndipo kilio kilipoanza, kwanza kwa mtu mmoja karibu na mlango, kisha kikaenea kwenye kuba lote, na kuta za duara zikakirudisha kikubwa zaidi. Hata hivyo hawakuondoka. Walipanga foleni. Kila mmoja alitaka kupanda. Walilia wakiwa kwenye foleni, wakafuta macho walipofika kwenye ngazi ili waone vizuri, wakatazama, wakashuka wakilia.

Mama mmoja wa Rujewa, ambaye mapacha wake wote wawili walikuwa kwenye chombo, alitazama na kupiga kelele, "Naiona! Buluu! Naiona!" Foleni yote iligutuka. Macho yakamgeukia Subilaga. Alipanda, akatazama pale darubini ilipolenga. Ilikuwa nyota ndogo ya mbali, ambayo ilikuwapo kabla ya watu kuwapo. Alimtazama yule mama, ambaye mashavu yalikuwa yanang'aa kwa machozi na furaha.

"Ni nyota, mama," alisema polepole. "Ni nyota tu."

Yule mama alimpiga kofi. Kisha akamwangukia kifuani, na Subilaga akamshikilia pale juu ya ngazi, akimshusha kipago kimoja baada ya kingine.

Wiki kadhaa baadaye Shirika lingekiri kwamba picha ilikamilishwa kwa kufuata ratiba, na wakubwa wangejiuzulu, na tume ingeundwa. Lakini jioni ile hakuna aliyelitaja Shirika. Watu walishuka mlima, maua ya buluu wakiyaacha kwenye nyasi za pembeni mwa njia.

Mtu wa mwisho kwenye foleni alikuwa Ambakisye. Alikuwa amesimama huko nyuma tangu mwanzo, amevaa koti lake la kazini, akingoja zamu kama wengine. Subilaga hakuwa amemwona.

"Mama Lugano."

"Baba Lugano."

Alikuwa amekonda. Sekela alipowaona, alichukua kitambaa chake, akatoka nje kimyakimya.

Ambakisye alipanda ngazi. Alitazama Zohali kwa muda. "Ni nzuri," alisema. "Lugano alikuwa ananiambia ni nzuri. Nilikuwa sitaki kusikia." Aliondoa jicho. "Kwa hiyo wamekufa."

"Sijui."

"Usinifiche."

"Sikufichi. Vumbi linaweza kuwa limevunja injini na mitambo ya mawasiliano, likaacha sehemu wanazokaa. Hewa wanatengeneza wenyewe. Chakula wanalima. Wanaweza kuwa hai wote." Alitazama uwazi wa kuba. "Kitu wasichonacho ni namna ya kusimama."

Ambakisye alishika ukingo wa ngazi. Subilaga aliona anavyolipokea neno hilo, na kwamba lilikuwa baya kwake kuliko kifo.

"Kwa hiyo hawapo pale," alisema mwishowe. "Pale kila mtu alipokuwa anatazama."

"Hapana. Wamepita."

"Wapo wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo jioni nzima. Subilaga alipiga hesabu kichwani, kasi ya chombo, mvuto wa sayari ambao ungepinda njia yao, siku zilizopita tangu hapo. Hakuhitaji Msawazishi. Alikuwa ameipiga hesabu hiyo kila usiku akiwa kitandani, bila kujikubalia kwamba anaipiga.

"Nipe mkono," alisema.

Alipanda kando yake, akaweka kiganja cha mumewe kwenye bomba na chake juu yake, kisha akaweka jicho kwenye kitundu. Wakasukuma pamoja. Zohali ilitoka nje ya kitundu, pete zake zikaisha, Titani ikafuata. Giza lilipita, na nyota moja, na giza tena.

"Hapa," Subilaga alisema. "Karibu na hapa. Siwezi kupajua zaidi ya hivyo."

Ambakisye aliinama, akaweka jicho. "Sioni kitu."

"Hakionekani. Ni kidogo mno bila mwali."

"Lakini yupo humu."

"Yupo humo."

Alitazama bila kuondoa jicho. Baada ya muda alishtuka. "Panahama. Ile nyota inaondoka."

"Ni dunia inazunguka. Kuna mota inayofuata yenyewe, ngoja niiwashe."

"Acha," Ambakisye alisema upesi. "Usiiwashe. Nionyeshe ninavyoweza kufanya mwenyewe."

Subilaga alisogea karibu nyuma yake, akamshika kiwiko. "Sukuma kuelekea magharibi. Taratibu kuliko unavyodhani. Ukienda haraka utampita."

"Hivi?"

"Polepole zaidi."

Kiganja cha Ambakisye kilitulia juu ya chuma, na bomba lile kubwa likaanza kusogea, kwa mwendo mdogo sana hata usingejua linasogea, likifuata mahali pasipo na kitu.

"Hivi?"

"Hivyohivyo," Subilaga alisema. "Usimwache."